Aliyesema kwa Kinywa cha Naima

Mwanangu Naima alikuwa na miaka sita, na kwa kusema aliwashinda watu wazima wote wa Makandana. Alizaliwa na mgongo wazi, akashonwa akiwa mchanga, na kichwani akawekewa mrija wa kushusha maji ya ubongo tumboni. Miguu haikumchukua. Lakini ulimi! Akisikia Yasini mara mbili anaisoma yote, na pale shehe anapovuta pumzi naye anavuta. Ukimwambia alete vikombe viwili, anajiburuta hadi mlangoni, anasahau alikotoka, anabaki analia katikati ya nyumba aliyozaliwa.

Mimi nilitazama hilo la vikombe. Wengine walitazama Yasini.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mume wangu Abdulkarimu alikuwa akifuata mitumba Dar es Salaam, maana biashara ilishaachiwa kila mtu. Safari moja akamchukua Naima apigwe picha ya kichwa kwenye mashine mpya. Mimi nilikuwa nimejifungua juzi yake, sikuweza kwenda. Akarudi na bahasha kubwa. "Daktari anasema yuko vizuri," akaniambia, akaenda kuoga.

Niliibandika ile picha kwenye kioo cha dirisha. Nilitegemea kuona ubongo. Nikaona weusi katikati, umezungukwa na ukingo mwembamba mweupe, kama ziwa la Kisiba ukilitazama kutoka juu. Mama mkwe wangu, Bi Saada, alikuwa nyuma yangu.

"Ndipo wanapokaa," akasema taratibu.

"Akina nani, mama?"

"Hao wanaosema."

Basi habari ikatoka nje. Kila Alhamisi alasiri watu wakawa wanakuja kukaa mkekani kwetu. Bi Saada anafukiza udi, mtu anauliza swali lake, na Naima anajibu kwa sauti ya mtu mwingine: mara mwalimu wa madrasa, mara mwenye duka, mara babu yake tuliyemzika. Nilijua anarudia aliyowahi kusikia. Nilijua, na nywele zilinisimama vilevile. Wala nisijifanye mwema: siku moja wageni walipoondoka nilimwuliza kama marehemu mama yangu amenisamehe. Akanijibu kwa sauti ya mama kabisa, "Funga mlango, baridi inaingia." Nililia mpaka magharibi.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa haikatiki, Naima akaanza kulala mchana. Asubuhi anatapika chai. Macho yakashuka, weupe ukaonekana juu ya mboni, kama anachungulia kitu kifuani mwake. Nikataka kumpeleka hospitali.

"Wanampanda," akasema Bi Saada. "Ukimhamisha sasa utamharibu."

Mume wangu alikuwepo, akayasikia yote. Nami, mjinga, nikangoja siku mbili.

Alhamisi hiyo ukungu uliingia mpaka barazani. Mwenye swali alikuwa jirani yetu Ikupa, muuza ndizi, ambaye mwanawe alivukia Malawi akapotelea huko.

"Naima mwanangu," akasema, "Jotham wangu ataludi lini?"

Naima alikuwa amelala mapajani mwangu. Akakohoa kikohozi kizito cha mwanamume wa makamo. Kisha akasema, kwa lafudhi ya pwani:

"Bwana Abdulkarimu, tazama hapa. Maji yanarudi. Huu mrija utakuja kuziba. Akianza kutapika asubuhi, akilala mchana, macho yakishuka, usingoje hata siku moja. Umenielewa?"

Akakohoa tena. Sauti ikageuka, na hii niliijua kabla haijamaliza neno la kwanza, kwa sababu nimelala kando yake miaka tisa.

"Nimekuelewa, daktari. Mama yake ametoka kujifungua. Nitamwambia mwenyewe."

"Mbona huyo ni baba yake?" Ikupa akanong'ona.

Abdulkarimu alikuwa amesimama mlangoni, kofia imelowa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilitaka kwanza upate nguvu. Halafu akasoma Yasini yote, Mama Naima, bila kosa hata moja. Nikajiuliza, mtoto anayesoma hivi, kichwa chake kina ubaya gani?"

Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo, mbele ya mama yake, na sijutii. Kichanga nikamwachia Ikupa. Nikamfunga Naima kanga, tukaingia kwenye pikapu ya mitumba kwenda hospitali Mbeya.

Kuanzia Kiwira mtoto alishika neno moja tu, kwa sauti ya baba yake, macho ameyafumba: "Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia mwenyewe." Abdulkarimu aliendesha huku machozi yanamtoka. Nilimwomba Mungu amnyamazishe, kwa sababu kila alipolisema nilimchukia mtu aliyeshika usukani.

Karibu na Uyole akanyamaza.

Nikamtikisa. Alikuwa anapumua, kwa mbali. Nikamwita jina, nikamfinya sikio, wapi. Baba yake hakupunguza mwendo. Aligeuza uso upande wetu, akasema polepole, "Nitamwambia mwenyewe." Akangoja. Akasema tena kwa nguvu zaidi, na tena, mpaka na mimi nikaanza kulisema pamoja naye, tukimngoja mtoto atufuatishe.