Chasi Iliyokatazwa Kupinda

Kule Mokambo, mpakani, katika uwanja ambako malori yaliyochoka katika nchi za watu husubiri mwenye kuyachukua, Victorine hakufungua hata boneti moja. Alitandika kipande cha katoni, akalala chali, akajiburuta chini ya lori la kwanza mpaka ikabaki miguu tu nje. Bwalya, mwenye uwanja, aliitazama ile miguu akacheka.

“Mama, unatafuta kamiyo ao unatafuta nyoka?”

“Nyoka nikimuona nitakuambia,” sauti ikajibu kutoka chini. “Hii yako ilishavunjika mugongo. Leta ingine.”

Victorine alikuwa na diploma ya ufundi wa magari, na huko Lubumbashi watu walimwita awachagulie malori jinsi wengine wanavyoita mtu wa kuwachagulia kiwanja. Injini hakuihangaikia. Injini hufufuliwa, gia hubadilishwa, kabini hunyooshwa kwa nyundo. Lakini chasi, ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba kila kitu, ikishapindishwa na ajali haina dawa. Kwa hiyo alitembea na kamba. Aliivuta kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, akafunga fundo, kisha akaipima kwenye pembe mbili zilizobaki. Fundo lisipofika mahali pake, aliikunja kamba na kwenda kwenye lori lingine.

Fundo lilifika mahali pake kwenye lori la tatu. Lilikuwa lori la zamani la jeshi, rangi ya majani makavu, magurudumu yote manne yakivuta, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Dieumerci, mume wake, ndiye angeliendesha. Alilizunguka mara mbili, uso umemwanguka.

“Chérie, hii iko na sura mubaya.”

“Haiko ya kuoa. Iko ya kubeba samaki.”

Samaki walikuwa Kilwa ya hukohuko Katanga, kando ya ziwa, na kati ya Lubumbashi na Kilwa palikuwa na njia ambayo wakati wa mvua huyameza malori mpaka kwenye milango. Wengi husimamisha safari Desemba. Dieumerci hakutaka kusimama, na Victorine aliahidi kumtengenezea lori lisilosimama.

Alilifanyia kazi uani kwao, katika komini ya Annexe, pembezoni mwa mji, kati ya mahindi na ukuta wa matofali mabichi. Nyuma aliondoa matairi pacha akapanga makubwa ya mojamoja, yasibane matope katikati. Bomba la kuvutia hewa alilipandisha juu ya paa la kabini, ili maji ya mito yasiingie kwenye injini. Vyuma vya springi aliviongeza viwili tu kila upande, ingawa Dieumerci aliomba vinne. Sehemu ya mizigo hakuibana moja kwa moja kwenye chasi. Aliikalisha juu ya springi fupi nene, chasi iweze kujisokota chini yake bila kuivuta.

Mwishoni alitaka kuona kazi yake. Alipandisha gurudumu moja la mbele juu ya rundo la mbao. Lori likajinyonga taratibu, kabini likielekea huku, mgongo ukielekea kule, magurudumu yote manne yakiwa yamekanyaga. Victorine akatabasamu. Baba yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasimama.

“Ile njo nini? Kamiyo iko inapinda sawa chikwanga ya muhogo!”

“Papa, inafaa ipinde. Ku shimo, kitu moja lazima ikubali. Chasi ikikubali, inarudia. Ikikatala, inakatika.”

“Reli haipindake,” mzee akasema. “Train nzima inapita juu yake, haipindake.”

Papa Paulin alikuwa amechomelea reli kwa miaka thelathini na mmoja. Baba yake mwenyewe alitoka kaskazini ya Katanga kuja kuzilaza. Katika nyumba ile reli haikuwa chuma tu. Kipande kirefu kilikuwa kimelala kando ya mlango tangu mzee apumzishwe kazi, na wageni wa heshima walikalishwa hapo, si kwenye kiti. Victorine alishusha lori, akanawa mikono, na kesho yake akaenda kutafuta tairi la akiba, safari ya siku mbili.

Aliporudi alikuta majirani uani. Mahali pa kukalia wageni palikuwa patupu, udongo wa chini yake bado una unyevu na funza. Vipande viwili vya reli, kila kimoja kirefu kama mtu mzima, vilikuwa vimechomelewa ubavuni mwa chasi, kushoto na kulia, vikapakwa rangi nyeusi.

“Angalia kazi ya muzee!” Dieumerci akapiga kelele. “Sasa njo kamiyo!”

Victorine aliinama. Mshono wa mzee ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kuuona, umepangika kama magamba ya samaki, na hii ilikuwa kazi ya mtu ambaye jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na ukungu na lingine likielekea huko. Aliona pia kisichoonekana. Chuma cha reli ni kigumu mno, kikichomelewa kisha kikapoa haraka hupasuka kando ya mshono. Na hata kisipopasuka, chasi sasa haikuweza tena kujisokota kwa urefu wake wote. Ingejisokota mahali pamoja tu, pale reli inapoishia.

Alifumbua kinywa. Baba yake alikuwa akijifuta jasho kwa kofia yake, wanawake wa jirani wakimpigia makofi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishwa kazini.

“Aksanti, papa,” Victorine akasema.



Walilijaribu lori kwa kubeba matofali, safari tatu ndani ya Annexe. Lilirudi zima. Dieumerci alipiga honi tangu njia panda. Jioni ile ile, mwanga ukiwa bado wa kutosha, Victorine aliingia chini akaona, mwishoni mwa reli ya kushoto, mstari kwenye rangi. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Alichukua msumari akakwaruza alama pale unywele ulipoishia.

Lori lilibeba matofali siku mbili zaidi. Alhamisi asubuhi alirudi chini. Unywele ulikuwa umeipita alama kwa upana wa kidole.

Alimwambia mume wake wakati wa chai. Dieumerci aliendelea kuchovya mkate.

“Iko rangi.”

“Rangi haitembeake, Dieumerci. Niko naipima.”

“Bon. Enda umuambie papa yako.”

“Weye njo dereva. Umuambie weye.”

“Miye mukwe?” Akaweka mkate chini. “Miye mukwe niende niseme ku muzee kazi yake iko mubaya? Bantu batasema nini? Na safari iko Jumamosi, ba mama ba samaki balishafunga mizigo.”

Basi Victorine alikwenda mwenyewe. Hakusema kazi ni mbaya. Alisema tu, papa, kuya uangalie fasi moja. Papa Paulin alijilaza kwenye katoni kwa shida, mifupa ikilia. Macho hayakumsaidia, kwa hiyo alisoma chuma kwa ncha ya kidole, kama alivyozoea. Kidole kilitembea juu ya mshono, kikashuka, kikafuata ukingo wa reli mpaka mwisho wake. Hapo kikasimama.

Kilisimama kwa muda wa pumzi mbili. Kisha mzee akakiondoa, akakifuta kwenye suruali.

“Rangi,” akasema.

Alitoka chini ya lori akaingia ndani bila kumtazama. Siku ile hakula. Ufa Victorine alikuwa amekwisha kuuzoea. Kilichomwogopesha sasa ni kile kidole kilichosimama.

Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mapaa. Kwenye maegesho ya malori yaendayo kaskazini, lori lao lilikuwa limejaa chumvi, maturubai, mabeseni matupu, na juu ya hayo yote watu kumi na wawili. Mama Hortense, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa ametawala mahali pazuri nyuma ya kabini, mwavuli mkononi. Mbele kidogo lori la Hénoc, mwenzao wa Annexe, lilikuwa linamalizia kupakia, nalo likielekea Kilwa. Katekista alikwisha kunyunyiza maji kwenye magurudumu ya malori yote mawili. Papa Paulin alisimama kando, amevaa koti la zamani la kazi, watu wakimpa mkono.

Victorine alikuwa ameingia chini ya lori mara ya mwisho alfajiri. Ufa haukuwa tena kwenye rangi ya ubavu. Ulikuwa umekunja kona, ukaingia chini ya mhimili. Alihesabu watu waliokaa juu, kisha akaanza kuwahesabu upya, akaacha.

“Mushuke,” akasema. “Bote. Mushuke kwanza.”

“Eh, weye dada!” Mama Hortense akainama kutoka juu. “Uliota ndoto mubaya?”

“Shuka, mama. Dakika moja.”

“Dakika yenu ya Annexe niko naijua. Iko na watoto na wajukuu!”

Watu wakacheka, lakini uso wa Victorine haukucheka, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kushuka wakinung’unika. Dieumerci alifungua mlango wa kabini.

“Unatufanya nini mbele ya bantu?”

“Nipe fungulo.”

“Victorine.”

“Ku Kasomeno, mu njia ya Kilwa, utakuta shimo. Shimo ya kule na mufereji ya hapa, iko moja tu. Ikipita hapa, muende na Mungu. Nipe.”

Alimpa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na hakujua namna nyingine ya kuyamaliza. Victorine alipanda. Kabla ya kuwasha alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona, akamwambia kupitia dirishani, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: “Papa, unisamehe.”

Mzee alitazama viatu vyake.

Kando ya maegesho palikuwa na lundo la changarawe lililoachwa na watengeneza barabara, na nyuma yake mfereji mkavu wa kina cha goti. Victorine aliweka gia ya chini kabisa. Gurudumu la mbele la kushoto lilianza kupanda lundo, polepole, mwendo wa mtu anayebeba maji kichwani. La nyuma la kulia likafika ukingoni mwa mfereji, likasita, likashuka. Lori likainama. Kabini lilitaka kwenda huku na mzigo kule. Ilisikika sauti ya chuma kinachosaga meno. Kisha ukaja mlio mmoja mkavu, kama bunduki, na watu wakainamisha vichwa. Sehemu ya mizigo ilianguka upande, mabeseni yakamwagika yakiviringika mpaka kwenye miguu ya katekista.

Victorine alizima injini. Alishuka akaenda kuinama ubavuni.

Mhimili wa kushoto ulikuwa umekatika pale pale, mwisho wa reli. Mdomo wa chuma ulikuwa wazi na kila mtu aliweza kuusoma. Theluthi moja iling’aa, ndiyo iliyokatika sasa. Iliyobaki ilikuwa kahawia, yenye vumbi ndani. Ilikuwa imekatika siku nyingi, kimya kimya, wakati wakibeba matofali.

Dieumerci alikaa juu ya tairi la akiba. “Uliua kamiyo,” akasema.

“Njo,” Victorine akajibu. “Niliua kamiyo.”

 Mama Hortense aliitazama ile kahawia kwa muda, akajifanyia ishara ya msalaba. Halafu, kama mtu mwenye biashara, akaokota beseni lake.

“Bon. Hénoc iko anaondoka. Ba mama, tumukimbilie, atatupatia fasi.”

Wanawake wakaanza kukusanya mizigo. Ndipo Papa Paulin alipokuja, akipapasa hewa mbele yake. Aliweka kidole kwenye mkato. Hakuhitaji kukaa pumzi mbili.

“Victorine,” akasema. “Reli ilikuwa murefu. Ilibakia.”

Alielewa mara moja, lakini alitamani awe amesikia vibaya. “Ilibakia, papa? Iko wapi?”

“Ku Hénoc. Nilimutilia Jumanne. Aliniomba.” Akameza mate. “Na Alhamisi ulinionyesha, nikajua. Nikajua zote mbili.”

Huko mbele lori la Hénoc liliwashwa. Lilikuwa limebeba watu wengi kuliko lao, wamejipanga juu ya magunia mpaka kando, na wanawake wa Mama Hortense walikuwa tayari wakipandisha mabeseni kwa mikono inayowavuta. Liligeuza, likaanza kuja upande wao, kuelekea barabara kuu.

“Nitaenda kumuambia,” Victorine akasema.

“Hapana. Weye ulishasema ya kwako.”

Mzee alitembea mpaka katikati ya njia, akasimama. Honi ililia. Hakusogea. Ililia ndefu, na watu wa juu wakaanza kumtania, muzee, unataka kuolewa ku Kilwa? Muzee, fasi iko bado, panda! Lori lilikuja mpaka bampa likamgusa vifungo vya koti. Hénoc alitoa kichwa nje.

“Papa Paulin! Ondoka, mvua inakuya!”

“Zima moteri.”

“Nizime juu ya nini?”

“Kazi yangu iko mubaya,” mzee akasema.

“Sema?”

“Kazi yangu!” Sasa alipiga kelele, sauti yake ikipasuka, uso ameuelekeza juu kwa watu asiowaona vizuri. “Ile niliyokufanyia! Iko mubaya! Itakatika! Mushuke!”

Kicheko cha juu kilikatika, kisha kikarudi, kidogo zaidi. Hénoc alimtazama mzee, akalitazama lori lililolala mferejini, akatazama wingu. Mkono wake ulikuwa kwenye gia. Injini iliendelea kunguruma, na bampa lilitikisika juu ya kifua cha Papa Paulin, ambaye alikuwa amelishika kwa mikono miwili.

Victorine alikwenda akasimama kando ya baba yake, akalishika naye.