Zamu ya Angèle Kushika Simu

Simu ilianza kulia wakati ambao hakuna mpishi wa bukari anayetaka kusumbuliwa: unga umeshaingia, maji yanatokota, na mwiko ndio kwanza unaanza kuwa mzito. Ukiuachia mwiko hapo, bukari inafanya madonge, na wachimbaji wa madini wanaokula kibandani kwako watakucheka mpaka jioni. Angèle akaitoa simu kwenye aproni kwa mkono wa kushoto, akaibana kati ya bega na sikio, na mkono wa kulia ukaendelea kusonga.

"Allô, hapa ni namba ya bazazi. Hauko peke yako. Uko na nini mu mukono?"

Kila anayeshika simu ile huanza hivyo, kwa sababu mzazi anayeipiga huwa ana kitu mkononi, na kitu chenyewe si maua.

"Mukaba," alisema mwanamume, anahema. Nyuma yake mtoto analia.

"Weka chini mbele, tata. Kiisha utaniambia polepole. Mi nasikia."

Mkanda uliposikika ukianguka sakafuni, Angèle akamsikiliza mpaka bukari ikaiva, na mpaka yule mwanamume akaanza kulia yeye badala ya mtoto.

Kikundi chao cha wazazi wanaojifunza kuacha kupiga watoto hukutana Jumamosi katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Dilala. Mama wa sokoni, waendesha taxi-moto, zile pikipiki za abiria, na akina baba wachache wanaokaa karibu na mlango ili waweze kutoroka. Mtaalamu hawana. Wana simu moja ya vifungo, imefungwa mpira ili betri isidondoke, nayo huzunguka nyumba kwa nyumba, wiki kwa wiki. Mwaka mzima Angèle alikuwa mpigaji wa simu hiyo tu, na mpigaji hodari; tata Philippe, makanika mstaafu, alifikia kumwambia "Najua njo weye, Mama Josias" kabla hajajitaja. Jumamosi iliyopita, alipomkabidhi simu kwa mara ya kwanza, mzee alimpa na namba nyingine.

"Mganga hajigangi, mama. Siku moto yako itawaka, uniite ku hii, ya kwangu."

Angèle alicheka. Moto wake, alisema, ulishazimika zamani.

Sasa alikuwa anawapakulia wateja sombe, mboga yake ya majani ya muhogo. Samy, mchimbaji mmoja kijana asiyekosa kula kwake, alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema akaona amfurahishe.

"Mama, ule mutoto yako Josias eko na nguvu! Toka lundi anaosha mawe na siye kule ku muto. Hapana muvivu hata kidogo."

"Josias yangu?"

"Weye ulizala ba-Josias ngapi?"

Wenzake wakacheka. Angèle akacheka nao, maana uso ukitaka kuvunjika mbele ya wateja unautafutia kazi. Sombe ya sahani iliyofuata aliimwaga nusu mezani.

Josias ana miaka kumi na mitatu, na kila asubuhi tangu Jumatatu ile alikuwa ametoka nyumbani na shati jeupe la shule. Baba yake, Omer, alikuwa mchimbaji. Udongo ulimshukia shimoni pamoja na wenzake wawili, na mpaka leo hawajatolewa. Siku ile Angèle aliapa kwamba mwanawe hatashika jiwe.

Lakini kulikuwa na jambo la pili. Mara ya mwisho alipompiga, kwa kosa dogo kuliko hili, mtoto alikimbilia kwa shangazi yake. Aliporudi alisema bila kupaza sauti: "Ukinipiga tena, mama, mi nitaenda kulala kule ku bachimbaji. Sitarudi." Alisema kama Omer alivyokuwa akisema mambo, na Omer alilosema alilitenda.

Kwa hiyo akimpiga leo, atamsukumia kwenye shimo lile lile analomwogopea. Angèle alijua hivyo alipoosha masufuria, alijua njiani, alijua alipowasha makaa nyumbani. Kujua hakukumsaidia. Mkono ulikuwa unamuwasha.

Josias aliingia jua likizama. Shati lilikuwa safi mno.

"Ulisoma nini leo ku masomo?"

"Kalkil, ile hesabu ya kugawa."

"Onyesha mikono."

Hakuonyesha, lakini kucha zilionekana tu, zimejaa udongo mwekundu. Mwiko ukatoka kwenye bukari, ukapanda. Mtoto hakukimbia. Alinyoosha mkono, akachukua begi lake, akalivaa mabegani, akasimama akingojea pigo. Yule tayari alikuwa na safari kichwani.

Angèle akatoka nje mwiko mkononi, bukari ameiacha motoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Nyuma ya nyumba akatoa simu yake mwenyewe. Namba ya Philippe ilikuwamo, mpya. Lakini kidole kilikuwa na njia yake ya mwaka mzima, kikaifuata.

Ikaanza kuita. Na ndani ya nyumba, mezani, penye aproni, kitu kikaanza kulia.

Ilimchukua muda kuelewa. Zamu ilikuwa yake. Aliona aibu peke yake gizani, akatafuta kitufe cha kukata, na kabla hajakibonyeza mlio ukakoma.

"Allô," ilisema sauti ya Josias, ile inayovunjika siku hizi. Aliisikia sikioni na dirishani kwa pamoja. "Hapa ni namba ya bazazi. Hauko peke yako."

Nje, mwiko wa Angèle ukagonga ukuta.

"Mama, uko na nini mu mukono?"

"Mwiko."

"Weka chini mbele."

Akainama, akauweka juu ya jiwe la kufulia. Ulikuwa na bukari iliyoanza kukauka.

"Nimeweka."

"Kiisha... kiisha utaniambia polepole. Mi nasikia."

"Niko na woga," alisema Angèle. "Tata yako hatukumuzika, Josias. Siwezi kungojea mutu wa pili."

Harufu ya bukari inayoungua ikatoka dirishani. Hakuna aliyeiendea.

"Nilienda kuona pale fasi udongo ulifunika tata," ilisema sauti. "Bachimbaji bananionyesha. Iko karibu na muto. Kiisha bananipa mawe ya kuosha, nikabakia."

"Na weye uliona?"

"Ni udongo tu, mama. Majani ilishaota."

Angèle akageukia dirisha. Taa ilikuwa imewashwa, na Josias alikuwa amekaa kwenye benchi, simu ya kikundi sikioni, begi bado mgongoni. Mkono wake mwingine ukapanda begani taratibu. Mkanda mmoja wa begi ukashuka. Wa pili ukabaki.

"Sema tena, mama," alisema. "Mi nasikia."