Kituo cha Nne

Miaka sita nimeingia mtandaoni kwa kivinjari kimoja, na nilikijua kama ninavyoijua njia ya kutoka kitandani hadi bafuni. Mimi sioni, sijawahi kuona, na kwa mtu asiyeona kubadilishiwa kivinjari ni sawa na kurudi nyumbani ukute kabati limehamishiwa mlangoni. Wenye macho watasema, si unaangalia tu kabati liko wapi? Haya, angalieni ninyi. Mimi paji langu la uso ndilo litakalolitambua.

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa. Ofisi moja inanitumia rekodi za mikutano, mihadhara na mahojiano, nami nasikiliza na kupiga chapa kila neno, hapa hapa chumbani, dirisha wazi na kikombe cha chai upande wa kulia. Kompyuta inanisomea yaliyo kwenye skrini kwa sauti ya mwanamke, na huyo mwanamke nimemzoesha kusema mbio mno, hadi mke wangu akambatiza Bi Haraka. Mke wangu anasema akimsikia anadhani watu wawili wanagombana ndani ya kopo.

Sasa niwape siri ya kazi, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwenye ukurasa wa ofisi sigusi kipanya. Nabonyeza kitufe cha kurukia, kile cha kushoto kwenye kibodi, na kila nikibonyeza narukia kituo kinachofuata: kiungo, kisanduku, kitufe. Bi Haraka anakitaja kila kituo. Ila ukibonyeza kabla hajamaliza, analikata lile neno na kuanza jingine. Miezi michache ilipopita sikuwa na shida ya kumsubiri tena. Nilijua kituo cha nane ni Kataa Kazi na cha tisa ni Kubali Kazi. Basi ilikuwa ni kubonyeza mara tisa bila kupumua, halafu enta, kazi yangu. Nilimsimulia kila aliyetaka kusikia, na wasiotaka pia, kwamba wenye macho wakiwa bado wanakitafuta kipanya chao, mimi nimeshamaliza aya ya kwanza.

Mke wangu alikuwa hajisumbui kunipongeza. Yeye anauza kwenye duka la dawa, na akirudi ana hadithi za wateja za kujaza gunia. Mimi nilikuwa namwitikia "mm" huku vidole vinaendelea. Alikuwa akiniambia nimetia pamba masikioni. Namwambia, mimi ninayekula kwa kazi ya masikio miaka yote hii ndiye wa kuambiwa nina pamba?

Basi ofisi ikatoa tangazo, likawa linajitokeza lenyewe kila nikifungua ukurasa, mpaka nikalikariri: kuanzia Jumamosi, vivinjari vya zamani havitafungua tena. Na wangetangaza wiki nyingine yoyote ningenuna tu yakaisha, lakini ilikuwa ndiyo wiki niliyokuwa nasubiri kazi moja roho juu.

Ilikuwa kazi ya mkunga mstaafu. Alikuwa amehojiwa rekodi kumi na tisa ili maisha yake yatoke kitabu, na ya kwanza nilipewa mimi niandike kama majaribio. Mama yule ana sauti kavu na anacheka kabla hajafika kwenye jambo la kuchekesha. Alisimulia alivyozalisha pacha juu ya lori lililobeba magodoro, akasema hajawahi kufanya kazi hospitali yenye vitanda vingi namna ile. Niliandika huku nacheka peke yangu. Nilipomaliza nilijisikia mpweke, kweli kabisa, kama mgeni mzuri ameondoka mapema. Rekodi kumi na nane zilizobaki zingegawiwa Jumamosi saa nne asubuhi. Ukitajwa una saa moja ya kukubali. Ukikataa, anapewa mwingine. Nilizitaka zile rekodi kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya.

Na niseme la moyoni, nilikuwa pia na kinyongo na ofisi ile. Wenzangu walioanza nyuma yangu walishapandishwa kuwa wahariri, wale wanaosikiliza na kusahihisha kazi za wengine. Mimi, kimya. Kwenye fomu ya kuomba kazi niliandika wazi kwamba sioni, nikajua sababu ni hiyo. Mke wangu aliniuliza kama nimewahi kuwauliza wenyewe. Niwaulize ya nini? Wakinitaka si wanajua nilipo?

Ijumaa mchana akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa mashine za kutoa nakala. Shemeji yule ana mdomo. Alikaa mbele ya kompyuta, akaguna, akasema kivinjari changu kimezeeka kiasi cha kustahili kusaidiwa kuvuka barabara. Nikamwambia afanye kilichomleta, asije akaacha skrubu ndani. Alipakua kipya, akahamishia humo anwani zangu zote, akampima Bi Haraka kama bado anasema, akanywa chai yangu na akaondoka ananicheka.

Nikabaki na mgeni wangu. Nilikifungua nikiwa nimeshaandaa matusi, jamani, nisiwafiche. Kwanza kilichonishtua ni ule utulivu. Kile cha zamani kilikuwa kikifunguka kwa kelele, habari za watu nisiowajua, matangazo ya viatu, nusu dakika nzima Bi Haraka anabwabwaja. Hiki kilifunguka na Bi Haraka akasema maneno mawili tu: "Ukurasa mpya." Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Nikasikia ndege dirishani. Nikajaribu kusoma gazeti, likafunguka kabla sijashika kikombe. Nikaenda nyuma, nikaenda mbele, nikafungua kurasa tano kwa mpigo, na hakikujifunga bila hodi kama mwenzake. Nilitafuta cha kukitukania hadi jioni, nikaambulia kidogo sana. Mke wangu alipouliza mgeni ana tabia gani, nilijibu kwamba tutaona, lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kukipenda, na jambo hilo liliniudhi.

Jumamosi saa nne kasoro nilikuwa nimeshakaa. Mke wangu ameenda dukani, zamu ya nusu siku. Saa nne kamili nikaingiza nywila, ukurasa ukafunguka, na kwa sauti yake ya mbio Bi Haraka akatangaza kwamba nimegawiwa rekodi kumi na nane za mkunga. Nilifurahi mno. Vidole vikaenda vyenyewe, mara tisa, enta.

Bi Haraka akasema: "Umekataa kazi. Asante."

Nilikaa. Nakumbuka niliinua mikono kutoka kwenye kibodi taratibu, kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Baadaye nilielewa kilichotokea. Nilipoingiza nywila, kivinjari kipya kilitoa kisanduku kidogo juu kuniuliza kama kinihifadhie hiyo nywila. Kisanduku hicho kiliongeza kituo kimoja mwanzoni, kwa hiyo vyote vya chini vikasogea, na cha tisa kikawa Kataa. Bi Haraka alikitaja kile kisanduku. Alinitajia na Kataa yenyewe. Mimi ndiye niliyemkata maneno mara tisa.

Nikarudi mwanzo wa ukurasa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikubonyeza kabla hajamaliza. Akasoma, neno kwa neno, kwamba kama nimekataa kwa makosa, nimwandikie msimamizi kupitia sehemu ya Ujumbe. Sehemu ya Ujumbe? Sikuwahi kujua kuna sehemu ya Ujumbe. Nikarukia kituo kimoja kimoja, nikimsubiri. Kisanduku cha nywila, ukurasa wa mwanzo, kazi zao, wasifu wangu, halafu akasema kwa upole kabisa: "Ujumbe. Thelathini na nne mpya."

Thelathini na nne. Nikafungua wa kwanza, una umri wa miaka mitano: karibu sana kwetu, ukikwama popote niandikie hapa. Umesainiwa Msimamizi. Wa tatu ulisema kazi yangu ya jana yake inasikika safi, hajajikwaa hata mara moja. Nikaona ni mbwembwe za maofisini, nani anasema maandishi yanasikika? Wa tisa ulinikalisha sawasawa. Alisema wanatafuta mhariri na yeye amenitaja mimi, nijibu kabla ya Ijumaa. Wa kumi ulisema sikujibu, nafasi imekwenda kwa mwingine, na anatumaini ni mzima. Mwaka uliofuata akanitaja tena. Nikafika mahali aliposema wenzake wanadai ninaringa, na yeye anawajibu kwamba mtu anayeandika kwa makini namna hii hawezi kuringa, labda ana shughuli nyingi.

Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Miaka yote ile nimewanunia watu waliokuwa wananigongea mlango.

Wa mwisho ulikuwa wa Jumatano. "Rekodi za mkunga nimekuwekea wewe, kwa sababu ile ya kwanza ulikiacha kicheko chake kikakaa mahali pake. Nafasi ya uhariri nayo imetokea mara ya tatu. Nasubiri jibu hadi Jumamosi saa saba mchana. Sitauliza mara ya nne."

Ilikuwa saa tano kasorobo. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwishowe nikamwandikia ukweli: kwamba nimekataa kwa kukosea, kwamba ujumbe wake wote nimeusoma leo hii, kwamba nazitaka rekodi na nautaka uhariri, na kwamba anisamehe. Kisha nikaongeza kinga yangu. Nikaeleza kwamba mimi sioni, natembea ukurasani kwa kuhesabu vituo, na mtu wa hali yangu ni rahisi kupitwa na mambo kama haya. Nikautuma ujumbe. Baada ya hapo nikakaa na Bi Haraka tukasubiri, mpaka chai ikapoa.

Saa sita na robo mlango ukalia. Mke wangu aliingia akiwa ameshaanza hadithi yake tangu kizingitini, kitu kuhusu mzee mmoja na fimbo. Nikamwomba anyamaze, nikamwambia nimeharibu. Nikamsimulia yote, kuanzia kituo cha tisa hadi ujumbe thelathini na nne. Alivuta kiti akakaa karibu yangu.

Hapo kompyuta ikalia. Jibu limefika. Nikaanza kulifungua, mke wangu akanishika mkono, akasema na yeye anataka kusikia, nimpunguzie mbio huyo mama. Nikampunguza Bi Haraka hadi akasema kama binadamu. Sikujua ana sauti nzuri hivyo.

"Kaka yangu," akasoma, "nimefurahi u hai. Rekodi zilirudi kwangu na nimeshakurudishia. Nafasi ya uhariri ni yako ukiitaka, lakini ile sababu yako usiniletee mimi. Mimi sioni tangu nikiwa na miaka sita. Ukurasa huu huu ndio ninaotumia, na kitufe hiki hiki. Ujumbe ni kituo cha nne. Kwenye vivinjari vipya ni cha tano, mpaka ukifunge kile kisanduku cha juu, ambacho hata mimi kilitaka kunitoa roho. Mhariri kazi yake ni kusikiliza hadi mwisho. Utaweza?"

Mke wangu alicheka hadi akahamia kitandani. Alicheka, akajaribu kusema, akashindwa, akacheka tena. Mimi nilibaki na vidole hewani, sina pa kujificha. Kisha nami nikaanza kucheka, kwa sababu nilikuwa na furaha, na kwa sababu kulikuwa na nini kingine cha kufanya.

Akapangusa machozi. "Mjibu basi," akasema, "saa saba inakuja."

Nikamwandikia neno moja, Nitaweza. Nikakifunga kile kisanduku cha juu. Nikarukia vituo taratibu, nikimsubiri Bi Haraka amalize kila neno, mpaka akasema Kubali Kazi, lote, hadi irabu ya mwisho, ndipo nikabonyeza enta. Rekodi ya pili ya mkunga ilikuwa pale, saa nzima na dakika ishirini, na mkono wangu ulishashika hedifoni.

Nikaziweka chini.

"Ulipoingia ulikuwa unaniambia kitu," nikamwambia mke wangu. "Mzee mwenye fimbo. Amefanyaje?"

Nilisikia kitanda kikilia alipojiweka sawa, na viatu vyake vikianguka sakafuni, kimoja halafu cha pili. Kisha akaanza tangu mwanzo, na sikusema "mm" hata mara moja.