Barua Kwenye Skrini ya Walburga

...na mshale wa kwenye skrini unasogea wenyewe, mimi sijaugusa, mkono wangu uko kwenye kikombe cha chai, kwa hiyo ni yeye, Walburga, mke wangu, ameketi sebuleni kwetu Matogoro na mimi niko hapa dukani mjini, nilichotaka ni kuhakikisha tu kwamba seva imeamka baada ya umeme kurudi, ile kompyuta kubwa niliyoiweka chumba cha nyuma kule nyumbani, nimeigawa ndani kwa ndani ikawa kama kompyuta nne, moja ya alama za shule, moja ya chama cha wakulima wa tumbaku, moja yangu, moja ya Walburga, kila moja na mlango wake na neno lake la siri, hivyo ndivyo nilivyomwambia, sikumwambia kwamba mimi nina ufunguo wa milango yote, na kwamba nikiufungua wa kwake kutoka huku naona kile kile anachokiona yeye, herufi kwa herufi... "Rupert, huyu mzee anaulizia picha zake za pasipoti," anasema Majaliwa, mwenzangu wa dukani, nami nasema dakika moja, nifunge, seva iko hai, sina kingine cha kutafuta humu, lakini mawasiliano ni mazito leo, picha inashuka vipande vipande, na kipande kinachokuja kina herufi kubwa, YAH: MAOMBI YA UHAMISHO... uhamisho gani, amefundisha Songea miaka kumi na mmoja... anaandika, anafuta, anaandika tena, siku zote anaandika hivyo, hata barua ya kwanza aliyonitumia nilipokuwa bado kwetu Mahenge ilijaa maneno aliyoyakata kwa kalamu, nikaipenda kwa hayo maneno yaliyokatwa... naomba kuhamia shule ya msingi iliyoko Lusewa... Lusewa, walimu wakipangiwa huko wanatafuta mtu wa kuwaombea wasiende, yeye anaomba mwenyewe, lakini ni kwao, yuko mama yake, Mama Notburga, aliyekaa nasi mwaka mzima katika kile chumba cha nyuma, asubuhi namwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, umelala na mke wako au na mashine zako, anacheka peke yake, halafu akaenda kuvuna mahindi yake, wiki tatu tu, alisema, kitanda akakiacha kimetandikwa, na wiki hiyo hiyo nikapata kazi ya chama, nikahitaji chumba chenye ubaridi na mlango unaofungika, nilikuwa na hofu, tangu waliponipunguza serikalini, enzi ile ya kila mtu ajitafutie, sijawahi kukataa kazi, nikakisimamisha kitanda ukutani, nikasema ni kwa muda... Walburga alisimama mlangoni, akaziangalia zile taa za kijani za seva, akauliza, "Mama atalala wapi?" nikasema sebuleni kwanza, tutajenga kingine, hakujibu, na mimi mtu akinyamaza huwa nachukua kwamba amekubali... miaka miwili sasa... "Ni zile nne au nane?" anauliza Majaliwa, nane, nasema, na sijui kama ni nane... na mama mkwe alipopiga simu akiwa kwa jirani yake mwenye simu, kuuliza aje lini, ni mimi niliyepokea, nikamwambia, "Subiri kidogo mama, chumba kinatengenezwa," akasema, "Haya mwanangu, msijisumbue," hakupiga tena, na Walburga sikumwambia, akadhani mama yake ndiye aliyechoka na mjini, na sasa mguu wa mama umevimba, anatembea kwa kushika ukuta... Sababu ya maombi haya ni kumuuguza mama yangu mzazi, ambaye... anasimama hapo, najua anauma ukucha, ambaye amekuwa, anafuta, ambaye hana mahali pa kukaa mjini... anaiacha, safari hii hafuti... naitafuta hasira, amenificha, mwanamke anaomba uhamisho mume hajui, lakini hasira haiji, nani amemficha nani, niko ndani ya karatasi yake kama mwizi, ningeweza kubonyeza herufi moja tu hapa nayo ingetokea kule mbele ya macho yake, angejua nilikuwapo, angejiuliza nimekuwapo mara ngapi, na hilo swali ningelistahili... hapa dukani kuna joto, kuna wezi, ndivyo nilivyosema ili seva isikae huku, kana kwamba joto la mashine linauma kuliko mguu wa mtu... "Rupert, mzee amesimama," bahasha iko droo ya chini, nasema, sauti yangu ni ya kawaida kabisa, nafunga dirisha kabla hajaweka nukta, sina haki ya kuiona hiyo nukta, nikifika nyumbani sitasubiri aanze, nitamwambia nimesoma, halafu nitamwambia ile simu, ile simu ndiyo ngumu, anaweza kuipeleka barua hata hivyo, na chama nitawaeleza mashine yao itazimwa siku mbili niihamishie huku dukani, wakinuna wanune... "Majaliwa, gari la Lusewa linaondoka saa ngapi asubuhi?" anahesabu picha za mzee, hainui kichwa, "Saa kumi na mbili, umepata mteja huko?" hapana, nasema, namfuata mama mkwe, na nikishalitamka neno hilo kwa sauti, mbele ya Majaliwa na mzee nisiyemjua, naona halirudi tena ndani.