Bwana Kodi Anamjua Nani

Mume wangu Celestini hakuwa mvivu, na asije mtu hapa akaniambia alikuwa mvivu. Mtu anayeamka gizani, akaruka ua, akapita migomba ya watu na kutokezea bondeni bila kulowesha suruali, huyo utamwitaje mvivu? Basi tu, nguvu zake zote alizimalizia kwenye kukimbia kodi ya maendeleo.

Kodi ile ilikuwa ya kichwa. Ukiwa mwanamume mzima unalipa, uwe na ng'ombe au uwe na viroboto tu. Bwana kodi wetu alikuwa Bulugu, Msukuma mrefu aliyeletwa na halmashauri, na alikuwa anatuingilia alfajiri na mgambo wake na filimbi. Aliyelipa anaonyesha risiti, anarudi kunywa uji wake. Asiyelipa anafungwa kamba na wenzake, wanatembezwa hadi mahabusu ya Rulenge huku watoto wa shule wanawatazama. Celestini hakufungwa hata siku moja.

"Mama Jovina," alikuwa ananiambia, "kahawa nikiuza, wanakata ushuru. Sabuni nikinunua, kodi imo humo humo kwenye bei. Baiskeli nayo ina kodi yake. Sasa na kichwa tena? Kichwa nilizaliwa nacho, sikukinunua."

"Mimi nalipa ushuru kila nikitandika gunia sokoni," namjibu, "na leseni ya pombe ya ndizi nalipa, na hiyo pombe unakunywa wewe. Usinichoshe."

"Na hela hizo zinakwenda wapi? Zahanati haina hata dawa ya kichwa. Wakimbizi kule kambini wana bomba la maji, na hawalipi hata senti."

Hapo ndipo nilipokuwa nazidi kukasirika. Maji mimi nilikuwa nachota bondeni, kilima kizima, ndoo kichwani.

Jirani yetu Ndikuriyo alikuwa mtu wa namna nyingine. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, mwaka wa sabini na mbili, kabla ya kambi na mahema na magari meupe ya Umoja wa Mataifa. Alipewa kipande cha shamba, akaoa Speciosa, binti wa hapa hapa kwetu, akatulia. Yeye kodi alikuwa anaipeleka mwenyewe ofisi ya kata, hasubiri filimbi. Risiti zake zote alizitunza kwenye mfuko wa nailoni.

"Unatuharibia, bwana," Celestini alikuwa anamtania. "Ukilipa mapema hivyo, sisi wengine tunaonekana wabaya."

"Mimi ni mtu wa kuja," Ndikuriyo anajibu. "Acha nilipe, nilale usingizi."

Sasa mwaka ule wa msako, redio ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi vijijini wakusanywe, wapelekwe kambini. Sisi tulisikiliza, tukazima redio kutunza betri. Tulikuwa kwetu, yangetuhusu nini?

Asubuhi moja filimbi ikalia. Loo! Celestini hakuuliza filimbi ya nani wala ya nini. Alishatoka kitandani, mguu niponye, shati mkononi. Nikasikia ua unabomoka, nikasema moyoni, haya, bwana kodi amefika, nikaanza kutunga uongo wangu wa kumpa. Lakini wale hawakuwa mgambo wetu. Walikuwa askari waliotoka mbali, na walikuwa wameshaizingira migomba yote. Kwao, mtu anayekimbia asubuhi ile alikuwa mkimbizi, basi, hakuna mjadala. Wakamleta uwanja wa shule akiwa kifua wazi, wakamsimamisha kwenye mstari wa kupanda lori.

Nilifika pale natweta. Kamanda alikuwa anamuuliza maswali.

"Raia wa wapi?"

"Mtanzania, afande. Mhangaza."

Ndiyo kwanza akaharibu. Kihangaza na Kirundi ukivisikia kwa mbali huvitofautishi, na Kiswahili cha Celestini, akiogopa, kinajaa r kila mahali.

"Risiti ya kodi iko wapi?"

Miaka ile hatukuwa na vitambulisho. Risiti ya kodi ndiyo ilikuwa kitambulisho. Celestini akanitazama, nami nikamtazama. Wallahi sijui kama nilitaka kulia au kumzaba kibao.

"Sina, afande."

"Hata ya mwaka jana? Ya mwaka juzi?"

"Sina."

"Afande, huyu ni mume wangu!" nikadakia. "Nimezaa naye watoto wanne."

"Wakimbizi wengi wameoa hapa, mama," kamanda akasema. "Apande."

Ningebaki na shamba, watoto wanne na ule ua uliobomoka, na mume wangu angehesabiwa mgeni katika nchi aliyokatiwa kitovu. Nikageuka huku na huku, nikamwona Bulugu kando ya lori, ameitwa kusaidia kazi. Mtu huyu nilikuwa nimemdanganya mara nyingi mno. Mara mume wangu yuko msibani Biharamulo, mara amelazwa Rulenge, mara sijui hata kama bado ni mume wangu. Nikamkimbilia, nikamshika mkono mbele za watu.

"Bwana Bulugu, nakuomba, waambie unamjua!"

Bulugu akaja taratibu. Akamtazama Celestini usoni kwa muda, kisha akamzunguka akamtazama kwa nyuma.

"Namjua, afande. Kisogo ndicho nakijua zaidi. Huyu nimemfukuza tangu nilipoletwa hapa. Najua anaporukia, najua anapojificha, na uongo wa mke wake naujua wote."

Nikainamisha kichwa.

"Mkimbizi hakimbii kodi, afande, maana hadaiwi," Bulugu akaendelea. "Huyu anadaiwa. Ni wetu."

Kamanda akamgeukia Celestini. "Ni kweli unadaiwa?"

"Nadaiwa, afande!" Celestini akapaza sauti uwanja mzima. "Miaka yote! Nadaiwa sana!"

Wakamtoa mstarini, wakamfunga kamba ya wasiolipa. Nililia kwa furaha. Sijawahi kuona kamba nzuri namna ile.

Ndikuriyo alikuwa nyuma yake mstarini. Yeye hakukimbia, alikuja kwa miguu yake, amevaa shati safi. Akazipanga risiti juu ya boneti ya gari la kamanda, mwaka baada ya mwaka, na kamanda akazitazama zote.

"Umezaliwa wapi?"

"Burundi, afande. Lakini siku nyingi nipo hapa..."

"Risiti inasema ulilipa. Haisemi wewe ni wa wapi." Akamwita Bulugu. "Na huyu, unamjua?"

Bulugu akaokota risiti moja. Sahihi ilikuwa yake mwenyewe. Akaigeuza mbele na nyuma, na ninavyomjua, hakutaka kusema uongo.

"Huyu simjui sana, afande. Alikuwa anakuja, analipa, anaondoka."

Mkewe Speciosa akapiga yowe. Ndikuriyo akaambiwa apande.

"Afande!" Celestini akaita, mikono imefungwa. "Huyo ni jirani yangu! Mimi namjua, ni mtu wetu huyo!"

Kamanda hakugeuka hata kumtazama.

"Wewe unayemjua," akasema, "risiti yako iko wapi?"

Lori likawashwa.