Mikungu ya Njiani Kwenda Kemondo

Nilikuwa hoi hata kabla ya kuwasha pikipiki. Wiki tatu nzima nilikuwa nazunguka Biharamulo na Ngara kwa kazi ya elimu ya watu wazima, nyuma navuta tela la vitabu vya kisomo, mgongo umekufa ganzi. Nimeingia nyumbani Muleba Ijumaa jioni, na Jumamosi binti yangu Georgina anatakiwa apande meli Kemondo. Alichaguliwa kusomea uuguzi Mwanza. Barua ilisema wazi: asiyeripoti Jumatatu asubuhi, nafasi anapewa mwingine. Na meli kabla ya hapo ni hiyo moja tu; basi la Mwanza wakati huo halikuwapo.

Saa sita mchana tukapakia sanduku lake la bati kwenye tela. Meli ingeondoka saa kumi na moja. Muda tele, nikajidanganya.

Kwetu mtoto haondoki kimya kimya. Kila ndugu aliye kando ya barabara lazima aagwe. Ukae, utafune punje za kahawa, na hutoki mikono mitupu. Kukataa mkungu wake wa ndizi ni kumwambia kibanja chake, shamba lake la migomba, hakizai. Basi nikapokea. Wa kwanza mkungu, wa pili mkungu na debe la maharage. Tulipofika Muhutwe, dada yangu Kokushubila akatoa mikungu mitatu, akaipanga mwenyewe juu ya sanduku.

"Dada, hili ni tela, si lori."

"Wewe umezoea kubeba karatasi," akanijibu. "Huko Mwanza mtoto atakula vitabu?"

Nani abishane na Kokushubila?

Mbele kidogo, kwenye mlima, chuma cha kuungia tela kikakatika. Tela likarudi nyuma, likaegemea ukingo. Ilikuwa saa tisa na nusu, na Kemondo haikuzidi nusu saa.

Georgina akashuka. "Tata, sanduku nitalipakata. Tela tuliache."

"Na ndizi?"

"Tuziache, Tata."

Nikaangalia barabara. Ilikuwa siku ya gulio, watu wanapita, na wote wanamjua dada yangu. Kabla ya jua kuzama angeshaambiwa kwamba mimi, Mwijage, nimetupa chakula chake mtaroni. Aibu hiyo ndiyo niliyoiogopa.

"Dakika kumi tu, mwanangu," nikasema.

Nikafunga kamba, ikakatika. Nikafunga mpira wa baiskeli, ukateleza. Nilikuwa na hasira, wala sijui nilimkasirikia nani. Georgina alishikilia pikipiki. Dakika kumi zikawa saa nzima na zaidi, ndipo tela likashika.

Tulipofika Kemondo, meli ilikuwa imeshaacha gati. Georgina hakulia. Alikaa juu ya sanduku akanipa mgongo.

"Nitawaandikia barua," nikamwambia.

"Utawaambia nini, Tata?"



Kesho yake tukarudi na mzigo wote, ndizi zimeanza kuiva. Kokushubila alitukuta barabarani. Nikamweleza yote, mlima, chuma, kamba, nikitegemea angalau yeye anielewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaiangalia mikungu yake, kisha akamwangalia mtoto.

"Sasa, Mwijage," akasema taratibu, "si ungezitupa tu? Ndizi ninazo shamba zima."

Hapo ndipo Georgina alipoanza kulia.