Orodha Ndani ya Kiti cha Mkunga

Mdogo wangu ni fundi wa makochi, na hashiki nyundo kabla hajaandika. Mimi nimelala katika miji mingi kuliko mashati niliyowahi kumiliki, nimebeba zege na mafundi wa kila aina, na mwingine wa hivyo sijamwona. Anaingia karakana saa moja, anafungua dirisha, anakaa juu ya ndoo ya gundi aliyoipindua, anachukua penseli ya seremala na kipande cha boksi. Anaandika mambo ya siku nzima, moja chini ya jingine. Kisha anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo ukimsalimia atakuitikia.

Nilikuwa nimekuja kwa wiki mbili. Huwa nakuja hivyo, kila baada ya miaka miwili mitatu, nakaa mpaka nianze kuulizia nauli. Ndiyo maana tangu ujana nyumbani wananiita Abiria.

Safari hii nilijipa kazi ya kumchunguza. Nilitaka kujua kile kipande cha boksi kinamfanyia nini. Kwanza niligundua kwamba jambo la juu kabisa, kila siku, ni "chemsha chai," na analiandika kikombe kiko mkononi. Akishaliandika analikata kwa mstari hapo hapo, polepole, anafaidi. Nikamwambia hiyo si orodha, ni kujipigia makofi. Akasema mwenye lori bovu huliegesha kwenye mteremko ili asubuhi liwake, na yeye ndivyo anavyojiegesha.

Jambo la pili nililigundua kwa kukaripiwa. Jumatatu aliandika "mkasi kwa mnoaji." Nikaupeleka mwenyewe, nikaurudisha ukiwa unakata kama wembe, kisha nikachukua penseli nikakata mstari kwa niaba yake. Nilidhani nitashukuriwa. Alitafuta kifutio, akafuta mstari wangu hadi boksi likachubuka, akaandika pembeni yake neno moja: kaka.

"Mimi sikwenda kwa mnoaji," akasema. "Nikikata nisichokifanya nitakuwa najidanganya. Na nikishaanza kujidanganya humu, sitalala."

Nikataka kujua, kwa hiyo usingizi wenyewe unatoka kwenye boksi? Akanieleza kwamba kichwa chake ni kabati dogo. Vitu vyote vikibaki humo mlango haufungi, na yeye hawezi kulala kwenye chumba chenye kabati lililo wazi. Akiandika, mlango unafunga. Hata kama kazi haijafanyika? Hata kama haijafanyika. Nikamuuliza alianza lini.

"Mama alipougua," akasema, akajaza misumari mdomoni. Mtu mwenye misumari mdomoni hajibu maswali, na nadhani alilijua hilo.

Na mimi nikarudi kufagia vumbi la mbao. Mama alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Nilifika miezi mitatu baadaye, majani yameshaota juu ya kaburi. Hakuna aliyenilaumu, lakini pia hakuna aliyeniambia kama nilitafutwa. Nimetembea na swali hilo kama kijiwe ndani ya kiatu. Kama hawakunitafuta, basi sikuwa mtu wa kutafutwa. Kama walinitafuta, basi ni mimi niliyepotea, na kosa ni langu. Majibu yote mawili yaliniogopesha, ila nilitaka kujua ni lipi.

Jumatano kililetwa kiti cha mkunga. Mkunga huyo ni mama mmoja mstaafu, mtaa wa pili, na kiti hicho mdogo wangu alimtengenezea mwenyewe zamani, alipokuwa ndiyo kwanza ana karakana. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja tu, maana mkunga hukaa kiubavu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mdogo wangu alikwenda kununua kitambaa, akaniachia koleo nikifumue.

Ana mazoea mengine ambayo sijayasema. Siku za kawaida huandika kwenye boksi, lakini akiunda kiti kipya huandika juu ya mbao za kiti chenyewe, kwa ndani, mahali ambapo orodha haiwezi kupotea. Akimaliza anafunika kwa gunia, sponji na kitambaa. Watu wa mji huu wanakalia orodha zake na hawana habari.

Kwa hiyo nilipong'oa gunia la mkono wa kushoto wa kiti sikushangaa kukuta maandishi. Nilichutama nisome vizuri. "Mkanda wa chini," imekatwa. "Springi tatu mpya," imekatwa. "Dawa ya mama saa nane," imekatwa. Halafu, chini yake, kwa herufi zilizobanana:

"Mtafute Abiria."

Na chini ya hiyo: "Simu, kiwanda cha saruji." Imekatwa. "Barua, machimboni." Imekatwa. "Uliza madereva wa malori, stendi." Imekatwa mara mbili. "Mwenye duka la redio." Imekatwa. Zote nne zimekatwa, na ile ya juu yao haijakatwa.

Kiwanda cha saruji nilikuwa nimeacha mwezi mmoja kabla. Machimboni nilijiandikisha kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu ambazo wakati ule niliziona za maana. Mwenye duka la redio nilimuaga kwa kumwambia naenda kaskazini, kisha nikaenda kusini.

Mdogo wangu alirudi na kitambaa begani, akanikuta nimekaa sakafuni. Aliinama, akasoma, akakishusha kitambaa begani.

"Kumbe niliiandika humu," akasema. "Nilikuwa nakumbuka niliandika. Sikukumbuka wapi."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema siku ile alipofunika hicho kiti alikuwa hajalala siku tano. Madereva walikuwa wameshamjibu kwamba hawajaniona, mama ameshaacha kuniulizia. Akaandika, akafunika, akapigilia misumari, akalala mpaka asubuhi. Alichokuwa ameshakifungia, hakutaka tena kukifungulia mlango. "Na wewe hukuuliza, kaka."

Hilo lilikuwa kweli. Nikamwonyesha penseli iliyokuwa sikioni mwake. Nikamwambia akate basi, si nimeshapatikana, niko hapa.

"Sikukupata," akasema. "Ulikuja mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile vile alivyosema habari za mkasi. Nikaitoa penseli sikioni mwake mwenyewe, na hakunizuia. Ubao una mafundo, lakini nikaandika pembeni ya ule mstari: kaka. Aliutazama mwandiko, akasema "k" yangu ya pili imelala chali. Kisha akaanza kupima gunia jipya, na jioni ile tukafunika.

Nilikuwa nimepanga kuondoka Ijumaa. Ijumaa asubuhi, juu ya ndoo ya gundi, aliandika "chemsha chai," akakata. Akaandika "kitambaa cha mgongo." Akaandika "msindikize Abiria, saa nne," akashusha pumzi, akaanza kazi bila kunitazama.

Saa nne ilifika, ikapita. Aliendelea kugonga, na mstari haukukatwa. Nilijua siruhusiwi kuugusa. Kwa hiyo nilichana kipande changu cha boksi, nikaazima penseli, nikaandika juu kabisa "kunywa chai," ambayo nilikuwa nimeshainywa. Nikakata mstari polepole, nione kuna nini humo.

La pili lilinichukua muda. Nilikaa na penseli hewani, na mdogo wangu, misumari mdomoni, aliacha kugonga ili aone nitaandika nini.